Shoti ya zulia na shoti ya friji: Tofauti inayookoa maisha

Na Mwandishi Wetu

TUCHUKUE mkazi mmoja wa Dodoma, usiku wa mwezi Julai. Upepo mkavu umevuma mchana kutwa, midomo imepasuka kwa baridi, naye anavua sweta lake la nailoni kabla ya kulala. Taa imekwishazimwa. Ghafla anasikia milio midogo mfululizo, mithili ya chumvi iliyotupwa motoni, na katika giza anaona cheche za samawati zikirukaruka kati ya sweta na shati.

Anaponyoosha mkono kushika kitasa cha mlango, kitu kinamchoma kwenye ncha ya kidole. Anaruka, anashangaa, kisha anakigusa kitasa kwa mara ya pili kwa tahadhari. Safari hii hakuna kitu.

Sasa tuchukue mama wa nyumbani jijini Dar es Salaam, usiku huohuo. Anafungua friji akiwa pekupeku, sakafu imetoka kupigwa deki. Anahisi mtekenyo unaopanda kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko. Anaondoa mkono, anaurudisha, mtekenyo upo palepale. Anawaambia watoto kwamba friji hiyo "ina umeme kidogo", hivyo wavae kandambili kila wanapoifungua, na maisha yanaendelea.

Wote wawili wamepigwa na umeme, na wote wawili wamelichukulia jambo hilo kuwa dogo. Mkazi wa Dodoma yuko sahihi. Mama wa Dar es Salaam amesimama hatua chache kutoka kwenye kifo, na watoto wake wamesimama naye.

Kuchanganya aina hizo mbili za shoti ni jambo la kawaida katika nyumba nyingi za mijini, na aghalabu shoti ya hatari ndiyo hupewa jina la ile isiyo na hatari. Makala haya yanaeleza kila moja inatoka wapi, inatofautishwaje na nyenzake, na nini kifanyike.

Umeme usiohitaji waya

Shoti aliyoipata mkazi wa Dodoma inatokana na kile ambacho wanasayansi hukiita umeme tuli. Umeme huo haukutoka kwenye nguzo za TANESCO wala kwenye betri. Umezalishwa na mwili wake mwenyewe pamoja na nguo zake.

Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Ndani ya atomu zimo chembe zenye chaji chanya, ziitwazo protoni, na chembe zenye chaji hasi, ziitwazo elektroni. Kwa kawaida idadi ya chembe hizo hulingana, na kwa sababu hiyo kitu hakionyeshi dalili yoyote ya umeme.

Vitu viwili vya aina tofauti vinapogusana na kisha kutengana, hasa vinaposuguana, baadhi ya elektroni huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Kilichopokea hubaki na chaji hasi, na kilichopoteza hubaki na chaji chanya. Iwapo vitu hivyo ni vihami, yaani havipitishi umeme kwa urahisi, kama vile plastiki, nailoni, poliesta, sufi na nywele, chaji hiyo hukwama mahali ilipo. Ndiyo maana umeme huo ukaitwa tuli.

Wengi waliosoma shule ya msingi wanakumbuka mchezo wa kusugua kalamu ya plastiki kwenye nywele na kunasa vipande vidogo vya karatasi. Huo ndio umeme tuli. Tofauti kati ya kalamu ile na mtu anayetembea juu ya zulia la nailoni akiwa amevaa viatu vya soli ya mpira ni kwamba mtu ni mkubwa, na hatua zake ni nyingi. Kila hatua huongeza chaji kidogo, na soli ya mpira huizuia isishuke ardhini.

Mtu huyo anaponyoosha kidole kuelekea kitasa cha chuma, ambacho ni kipitishi kizuri cha umeme, chaji yote iliyolundikana hutafuta njia ya kutoka. Kidole kinapobakiza nafasi ndogo tu kufikia chuma, hewa iliyopo katikati hushindwa kuizuia, cheche huruka, na mtu huhisi kuchomwa.

Jambo hilo si geni kwa wanadamu. Wagiriki wa kale walifahamu kwamba kaharabu ikisuguliwa kwa manyoya huvuta vitu vyepesi, na ni kutokana na jina la kaharabu katika lugha yao ndipo neno elektroni lilipopatikana. Mwaka 1746, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, Pieter van Musschenbroek alifanikiwa kukusanya umeme tuli ndani ya chupa, na shoti aliyoipata kutoka kwenye chupa hiyo ilimtia hofu kiasi cha kutotaka kuirudia. Miaka sita baadaye, majaribio yaliyopendekezwa na Mmarekani Benjamin Franklin yalithibitisha kwamba radi nayo ni umeme wa aina hiyohiyo, isipokuwa ni mkubwa kupita kiasi.

Kwa nini Dodoma na si Dar es Salaam

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake Dodoma, watumishi wengi waliozoea hewa ya pwani wameanza maisha mapya katika mji huo wa nyanda kame. Miongoni mwa mambo yanayoweza kumshangaza mtu aliyetoka pwani ni kupigwa na mlango wa gari, kiti cha plastiki, au hata mkono wa mwenzake wakati wa kusalimiana.

Sababu ni unyevu wa hewa. Hewa ya pwani, kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hubeba mvuke mwingi wa maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvuke huo hutengeneza utando mwembamba wa maji juu ya nguo, ngozi, sakafu na samani, na kupitia utando huo chaji huvuja kimyakimya kabla haijapata nafasi ya kulundikana.

Katika maeneo makavu, hasa unyevu wa hewa unaposhuka chini ya asilimia 40, utando huo hutoweka. Dodoma na Singida katika miezi ya kiangazi, au Nairobi katika siku kavu za Januari na Februari, chaji hubaki juu ya mwili hadi mtu anapogusa chuma.

Hali kadhalika, ndugu zetu waishio Ulaya na Amerika Kaskazini hukumbana na hali hiyo kwa ukali zaidi katika majira ya baridi. Hewa ya nje huwa na mvuke kidogo, na ikiingizwa ndani na kupashwa joto na hita huwa kavu zaidi. Mtu aliyetoka Afrika Mashariki akipiga simu nyumbani kueleza kwamba kila mlango anaougusa unampiga shoti, hajapangishwa nyumba mbovu. Ni hewa tu.

Hata Dar es Salaam yenyewe yapo mazingira yanayofanana na hayo. Ofisi zenye viyoyozi vinavyofanya kazi kutwa nzima hupungukiwa na unyevu, kwa kuwa kiyoyozi huondoa maji hewani, na maji hayo ndiyo yanayoonekana yakidondoka nje ya jengo. Ofisi hiyo ikiwa na zulia la nailoni na viti vya kitambaa cha poliesta, wafanyakazi wake wanaweza kupigwa shoti ndogondogo ilhali nje kuna fukuto.

Jambo la kuzingatia hapa ni moja. Katika nyumba ya kawaida ya pwani, yenye sakafu ya saruji au vigae na madirisha yaliyo wazi, umeme tuli wa kumshtua mtu hutokea kwa nadra sana. Mkazi wa Temeke au Magomeni anayepigwa shoti na bomba la maji asiridhike na jibu kwamba ni "umeme wa hewa".

Volti nyingi, madhara kidogo

Watu wengi hustaajabu wanapoelezwa kuhusu ukubwa wa volti za umeme tuli. Ili mtu ahisi shoti hiyo kwenye ncha ya kidole, mwili wake huwa umefikia takriban volti 2,000 hadi 3,000. Katika hewa kavu sana, kutembea juu ya zulia kunaweza kuufikisha mwili volti zaidi ya 10,000. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 tu.

Swali linalofuata ni la haki: iweje volti 10,000 zimwache mtu akicheka, na volti 230 zimuue?

Jibu ni kwamba volti ni msukumo, na msukumo peke yake hauui. Tone moja la maji likidondoka kutoka ghorofa ya kumi hushuka kwa kasi, lakini halimzamishi mtu. Mto wenye mteremko mdogo, wenye maji mengi yasiyokoma, humchukua mtu na ng'ombe wake. Umeme tuli wa nyumbani ni lile tone. Chaji iliyomo mwilini ni ndogo mno, nayo humalizika katika muda mfupi kuliko sehemu ya milioni moja ya sekunde. Ikiisha imeisha, na ndiyo maana mkazi wa Dodoma alipokigusa kitasa mara ya pili hakuhisi chochote.

Umeme wa gridi ni mto. Nyuma ya soketi kuna transfoma, nyuma ya transfoma kuna nyaya ndefu, na mwisho wake kuna mitambo ya kuzalisha umeme ambayo haichoki. Mtu akishika waya huo, mkondo huendelea kupita mwilini mwake hadi mtu au kitu kingine kiukatishe.

Mkondo huo hupimwa kwa ampia, na kiasi kinachomdhuru binadamu ni kidogo hadi hupimwa kwa sehemu ya elfu ya ampia, yaani miliampia. Takriban miliampia 1 mtu huanza kuhisi mtekenyo. Kuanzia miliampia 10 hivi, misuli ya mkono hukaza na mtu anaweza kushindwa kuachia kile alichokishika. Kuanzia miliampia 50 na kuendelea, mkondo ukipita kifuani kwa sekunde moja au mbili, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake, ukabaki unatetemeka bila kusukuma damu.

Ili msomaji apate picha, balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampia 260 hivi. Hata taa ndogo ya kisasa ya wati 9 hutumia miliampia 40 au zaidi. Kwa maneno mengine, umeme unaowasha taa moja ya chumbani unatosha kuuzima moyo.

Friji inayotekenya

Friji, pasi, jiko la umeme, mashine ya kufulia na hita ya maji ya kuogea vina jambo moja linalofanana: ndani kuna waya wenye umeme, na nje kuna bati au chuma. Kati ya viwili hivyo kuna kihami, kwa kawaida mpira au plastiki. Kihami hicho kikichakaa, kikiungua, kikitafunwa na panya au kikiingiwa na maji, umeme huvuja na kufika kwenye bati la nje.

Wahandisi waliliona tatizo hilo tangu zamani, na ndiyo sababu plagi ya pini tatu ina pini moja ndefu zaidi. Pini hiyo huunganisha bati la nje la kifaa na waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Waya huo una rangi ya kijani na mstari wa njano, na huishia kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini nje ya nyumba. Umeme ukivuja, hupata njia nyepesi ya kushuka ardhini badala ya kupita kwenye mwili wa mtu.

Mpango huo ni mzuri, lakini katika nyumba zetu huharibiwa kwa njia nyingi. Kuna wanaovunja pini ndefu ili plagi iingie kwenye soketi ya aina nyingine. Kuna wanaochomeka kifuniko cha kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili ipate kuingia. Kuna waya wa kuongezea soketi ulionunuliwa mtaani, wenye matundu matatu kwa nje lakini nyaya mbili tu kwa ndani. Kuna pia fimbo za shaba zinazong'olewa usiku na wezi wa vyuma chakavu, na mwenye nyumba asigundue kwa sababu taa zinaendelea kuwaka kama kawaida.

Hilo la mwisho ni la hatari kuliko yote. Fimbo ikiondoka, nyaya zote za ethi katika nyumba hubaki zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila kufika ardhini. Hita moja ikivujisha umeme, umeme huo husambaa kwenye bati la kila kifaa chenye plagi ya pini tatu. Mpangaji wa chumba cha kwanza anaharibikiwa na hita, na mpangaji wa chumba cha nne anapigwa na friji yake mpya.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanga katika nyumba ya namna hiyo jijini Dar es Salaam. Bomba la bafuni lilikuwa likitekenya mkono. Wapangaji waliweka jozi ya kandambili mlangoni kwa ajili ya yeyote atakayefungua maji, na mwenye nyumba alipoulizwa alisema ni umeme wa hewa tu, utaisha wenyewe. Hali hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa.

Siku moja mtoto wa jirani aliingia bila kandambili, akatupwa hadi ukutani. Alinusurika. Fundi alipoitwa aligundua kwamba fimbo ya ardhini haikuwapo, na hita ya mpangaji mmoja ilikuwa ikivuja. Gharama ya matengenezo haikufika kodi ya mwezi mmoja ya chumba kimoja.

Kandambili zile zilikuwa kihami kati ya mguu na sakafu, na zilitufanya tuamini kwamba tatizo ni dogo. Ngozi kavu nayo husaidia kuzuia mkondo, lakini ikilowa kwa maji au jasho uwezo wake hupungua sana. Friji inayotekenya leo mkono mkavu, kesho inaweza kumuua mtu yuleyule akitoka kuoga. Kinachobadilika ni mtu na sakafu. Friji ni ileile.

Wengi hudhani kwamba kama kungekuwa na hatari, breka ingejizima. Dhana hiyo si sahihi. Breka ya kawaida ya ampia 20 imewekwa ili nyaya zisiungue kwa mzigo mkubwa, na mkondo unaotosha kumuua mtu ni sehemu ndogo mno ya ampia hizo. Kinachokata umeme kwa ajili ya kumlinda binadamu ni kifaa kingine, ambacho mafundi hukiita RCD. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na kikigundua kwamba takriban miliampia 30 zimepotea njiani, hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Jinsi ya kutofautisha

Zipo dalili nne ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuwa fundi.

Ya kwanza ni muda. Shoti ya umeme tuli ni ya papo kwa papo, kama kuchomwa na sindano, nayo huja na mlio mdogo au cheche. Shoti ya umeme unaovuja huendelea kwa muda wote ambao mkono umegusa, na wengi huieleza kama mtekenyo, mtetemo au mvumo ndani ya mfupa.

Ya pili ni kurudia. Umeme tuli ukishatoka hauji tena hadi mtu atembee au ajisugue upya. Umeme unaovuja huwapo kila unapogusa, na humpiga kila anayegusa. Hata hivyo, ni marufuku kurudia kugusa kwa makusudi ili kufanya jaribio. Kama umekwishapigwa, ichukulie kuwa ni hatari hadi ithibitike vinginevyo.

Ya tatu ni miguu na maji. Umeme tuli hupenda mazingira makavu, zulia na viatu vya mpira. Umeme unaovuja huongezeka makali mtu anapokuwa pekupeku na sakafu inapokuwa imelowa. Shoti inayotokea bafuni au jikoni penye maji isihesabiwe kamwe kuwa ni umeme tuli.

Ya nne ni swichi. Umeme tuli haujali kama umeme umekatika mtaani. Ikiwa kifaa kinapiga umeme unapokuwapo na kuacha unapokatika, jibu limepatikana.

Ipo aina ya tatu ya mtekenyo ambayo huwachanganya wengi. Kompyuta ndogo au simu yenye kasha la chuma, ikiwa kwenye chaja ya pini mbili, inaweza kutoa mtetemo hafifu pale unapopitisha kidole juu yake. Chaja halisi iliyo nzima hupitisha kiasi kidogo sana cha umeme kwenye kasha kutokana na namna ilivyoundwa, na kwa kawaida kiasi hicho hakimdhuru mtu. Chaja bandia haina dhamana hiyo. Ikianza kupiga kwa nguvu, kupata joto kupita kiasi au kutoa harufu, ichomolewe na kutupwa.

Petroli na dumu la plastiki

Tumesema kwamba umeme tuli wa nyumbani haumuui mtu. Hilo ni kweli kwa cheche yenyewe. Si kweli pale cheche hiyo inapokutana na mvuke wa petroli.

Nishati inayohitajika kuwasha mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa ni ndogo mno, na cheche ya kidole iliyomshtua mkazi wa Dodoma huwa na nishati inayozidi kiwango hicho mara nyingi. Nchini Marekani, taasisi ya Petroleum Equipment Institute ilikusanya taarifa za matukio zaidi ya 150 ya moto katika vituo vya mafuta yaliyohusishwa na umeme tuli. Katika mengi ya matukio hayo, mtu alirudi kukaa ndani ya gari wakati mafuta yakiendelea kujazwa, akajisugua kwenye kiti, kisha akatoka na kushika bomba la mafuta.

Kwa hapa nchini, hatari iliyo karibu zaidi na familia nyingi ni dumu la petroli ya jenereta. Mafuta yanapotiririka ndani ya dumu huzalisha chaji, na plastiki huizuia isitoke. Dumu likiwa limewekwa juu ya mpira wa bodi ya pikapu au limepakatwa kwenye pikipiki, chaji hiyo haina njia ya kwenda ardhini.

Chombo chochote cha kubebea petroli kiwe kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kishushwe na kuwekwa chini ardhini, mdomo wa bomba uguse mdomo wa chombo muda wote, na mafuta yajazwe taratibu. Anayejaza mafuta asirudi garini hadi kazi imalizike. Akilazimika kurudi, aguse kwanza chuma cha mlango, mbali na tangi, kabla ya kushika tena bomba. Kwa sababu hiyohiyo, malori ya mafuta huunganishwa kwa waya na ardhi kabla ya kuanza kushusha mzigo.

Nini kifanyike

Kwa wanaosumbuliwa na umeme tuli, tiba yake ni nyepesi. Nguo za pamba, zikiwamo khanga na vitenge vya pamba halisi, huhifadhi chaji kidogo kuliko nailoni na poliesta. Kupaka mafuta mwilini na mikononi hupunguza ukavu wa ngozi. Beseni la maji chumbani, au nguo mbichi zilizoanikwa ndani, huongeza unyevu wa hewa. Kabla ya kushika kitasa, mtu anaweza kukigusa kwanza kwa ufunguo alioukamata vizuri, na cheche itaruka kwenye ufunguo badala ya kidole.

Mafundi wa simu na kompyuta wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Vipuri vya kielektroniki vinaweza kuharibiwa na umeme tuli ulio mdogo kiasi kwamba fundi mwenyewe hauhisi, na ndiyo maana baadhi yao huvaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi.

Kwa wanaotekenywa na friji, pasi, bomba au ukuta, hatua ni hizi. Zima umeme kwenye soketi au kwenye swichi kuu kabla ya kuchomoa kifaa. Usikitumie tena, na wazuie watoto. Mwite fundi mwenye leseni, kwani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga mifumo ya umeme, na mteja ana haki ya kuomba kuiona. Fundi huyo apime ethi kwa kipimo maalumu na akague kama fimbo ya ardhini ipo na imekazwa. Bisibisi ya testa haitoshi kwa kazi hiyo.

Iwapo uwezo unaruhusu, iwekwe RCD. Ikiwa tayari ipo, ina kitufe kidogo cha majaribio ambacho kinapaswa kubonyezwa mara kwa mara. Ukikibonyeza na umeme usikatike, kifaa hicho ni pambo.

Kamba za kuanikia nguo zisiwe za waya wa chuma uliofungwa kwenye bati la nyumba au kwenye nguzo ya umeme. Waya mmoja uliochubuka juu ya paa unaweza kuifanya kamba nzima kuwa na umeme, na mwenye kuanika nguo huwa na mikono iliyolowa.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza. Kama haiwezekani, na umeme huo ni wa ndani ya nyumba, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama ni waya wa nguzo ulioanguka, kaa mbali na uwazuie wengine. Akishatengana na umeme na hapumui, aanze kusukumwa kifua mara moja wakati msaada ukitafutwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Hata anayeonekana mzima afikishwe hospitali, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mtekenyo wa friji ni wingu ambalo limekuwa likipita juu ya nyumba nyingi kwa miaka, na wenye nyumba wamelizoea kwa sababu bado mvua haijanyesha. Usiku wa leo, kabla ya kumwambia mtoto avae kandambili ndipo afungue friji, chomoa plagi ya friji hiyo, na kesho asubuhi mtafute fundi.